Dhiraa Sita za Yeslam

Bwana Yeslam alikuwa na mikono mifupi, na kwa muuza nguo hiyo si ila, hiyo ni rasilimali.

Mwaka ule wa 1908, ukienda dukani kwake Ndia Kuu kununua kitambaa, kipimo kilikuwa mkono wa mwenye duka. Toka kisukusuku mpaka ncha ya kidole cha kati, hiyo dhiraa moja. Ndiyo ada ya Mvita tangu na tangu, na haikumdhuru mtu maadamu mwenye duka kaumbwa kama watu. Yeslam hakuumbwa kama watu. Tumbo alipewa la watu wawili, sauti ya watu watatu, na mikono ya mtu mmoja kasoro. Akishakunja kanzu kuanza kupima, vidole vyake hukimbia juu ya kitambaa kama kaa aliyeona mwiko. "Baraka! Mbili! Tatu!" Hiyo baraka ndiyo moja yake. Hujameza mate, dhiraa nane zimeshakunjwa na kutiwa kwapani mwako.

Wako waliojaribu ujanja. Mtu mmoja wa Kuze alikuja na ami yake, pande la mtu, mkono wake ukifika magotini.

"Kwangu hupima mkono wangu," Yeslam akamwambia. "Huo wa ami yako mwambie akukunie mgongo."

Mwanamke akirudi kulalamika kwamba buibui limeishia juu ya vifundo vya miguu, Yeslam humtazama toka kichwani hadi chini, akatikisa kichwa kwa mahaba. "Umerefuka, mwanangu. Mashaallah." Bibi mmoja wa miaka sabini aliambiwa hivyo, akaenda zake akitembea kwa maringo. Hata waliokufa hawakusalimika. Maiti wa sanda ya Yeslam aliagana na dunia huku nyayo zake zikichungulia.

Na aliyekataa kurefuka alipewa jawabu la pili: "Basi kamuulize mshoni wako."

Mshoni mwenyewe alikuwa Mejumaa. Alikaa Bondeni na mumewe Chirau, fundi wa kuchonga milango. Wadigo wote wawili, wenye asili ya ng'ambo ya Likoni. Kitambaa kikimfikia, Mejumaa alikuwa akikipima kwa mkono wake mwenyewe, na kila nane za Yeslam yeye hupata saba. Alipolisema hilo mara ya kwanza aliambiwa mkono wa mwanamke ni wa kukunia nazi. Alipolisema mara ya pili aliulizwa: na hiyo moja imekwenda wapi, kama haiko chini ya kitanda chako? Mara ya tatu hakusema. Na kuupima mkono wenyewe wa Yeslam hakuweza. Mwanamke atamshikaje mkono mwanamume asiye mumewe wala nduguye, mbele ya watu, aunyooshe kama papa mkavu wa sokoni?

Kwa hivyo jina likamganda. Mejumaa mdokozi. Mejumaa mkono mwepesi. Walimpelekea kazi kwa sababu hakuna aliyeshona kama yeye, kisha wakahesabu vipande mbele yake.

Mambo yaliiva Badria alipoposwa. Badria ni binti wa Yeslam, na hariri ya arusi yake ilitoka duka la babake, ikapimwa na babake kwa mkono ule ule. Mazoea hayana mtoto. Nguo ilipokwisha kushonwa, bibi arusi alionekana kama mtu aliyekunja nguo kuvuka tope. Siku ya Jumatatu mamake, Bi Afaf, akashuka Bondeni mwenyewe na buibui lake, nguo ile mkononi, akakataa hata kukaa.

"Mejumaa, mume wangu kapima nane."

"Bi Afaf, zilizonifikia ni saba."

"Wataka kusema Yeslam ampunja mwanawe wa kumzaa?"

Mejumaa akauma uzi, maana ndivyo hasa alivyotaka kusema.

"Alhamisi ni hina ya Badria," akasema Bi Afaf. "Wake wote wa mji watakuwa kwangu. Dhiraa yangu isiporudi kabla ya hapo, nitasimama kati yao nikutaje kwa jina. Tuone kama atatokea wa kukuletea japo kitambaa cha kufutia taa."

Akaiacha nguo, akaenda zake. Mejumaa alibaki akiitazama cherehani yake. Sindano ndiyo kazi aliyoijua, hana nyingine, na siku zilizobaki ni tatu.

"Pima hiyo hariri kwa fimbo ya Taha," akasema Chirau. Taha alikuwa mwenye duka mwenzake Yeslam, akikaa mkabala naye, na alikuwa kajinunulia fimbo ya chuma ya wari, ile wanayopimia forodhani, ambayo ni dhiraa mbili kamili.

"Niipime, nipate saba, halafu?" Mejumaa akajibu. "Atasema nimeshakata. Kitu chochote kikishapita mikononi mwangu si ushahidi tena, ni wizi."

Chirau akarudi kwenye randa yake. Alikuwa na lake pia la kumshughulisha: mlango.

Maana Yeslam alikuwa akijenga. Nyumba mpya, ghorofa moja, uso kwa uso na nyumba ya Taha, na azma ya ujenzi huo ilikuwa moja tu, mlango wake uwe mkubwa kuliko wa Taha. Miezi minne nyuma alikwenda karakana ya Chirau, akasimama katikati ya vumbi la mbao kwa joho jeupe ili watu waone kwamba hajali.

"Nataka mbao ya mbambakofi," akasema. "Dhiraa sita kwenda juu, tatu na nusu upana."

"Inshallah. Nitakuja nipime tundu, Bwana."

"Tundu halijawa bado. Na likiwa, nitalipima mimi. Nimepima nguo za mji huu miaka ishirini, nishindwe na shimo?"

"Dhiraa za mkono wa nani, Bwana?"

Yeslam alimtazama kama mtu aliyeulizwa jua latoka upande gani. "Dhiraa ni dhiraa, fundi! Mkono ni mkono wa mtu!"

Chirau naye ni mtu, na mkono anao. Akachonga. Kule Ndia Kuu, Jefwa mwashi alipotaka kuacha tundu la mlango, Yeslam alimsukuma kando, akaulaza mkono wake ukutani mwenyewe, "Baraka! Mbili! Tatu!", mpaka sita, na mawe yakajengwa hapo hapo kwa chokaa. Hamwamini mwashi, hamwamini seremala, hamwamini mtu yeyote ila yule mmoja asiyestahili kuaminiwa.

Jumatano asubuhi, siku moja kabla ya hina, mlango ukatoka Bondeni juu ya mkokoteni, fremu na mbao zake pamoja. Kenga na wachukuzi wake watano waliusukuma na kuuvuta. Yeslam alikuja kuupokea njiani apate kuonekana, na alipoona kamba mbili za mbele zimeshikwa pamoja, akaghadhibika.

"Mbona mwabanana kama mbuzi? Tanueni! Watatu kuume, watatu kushoto, mbali mbali, mlango upite kwa heshima!"

Wakatanua. Kamba moja ikaelekea baraza la kuume, nyingine baraza la kushoto, wachukuzi wakavuta mpaka shingo zikatoka mishipa, na mkokoteni ukasogea mwendo wa konokono mwenye udhuru.

"Vuteni!"

"Twavuta, Bwana," akasema Kenga. "Lakini hawa wavuta kwenda kwa muuza kahawa, na hawa wavuta kwenda kwa kinyozi. Mlango wataka kwenda kwako. Jasho letu jingi laishia pembeni, wewe wapata makombo."

"Wanifundisha kazi?"

"La, Bwana. Nakuonyesha inapokwenda nguvu yetu."

Kenga akazikusanya kamba mbili mbele, sambamba, na mkokoteni ukaenda mbio hata Yeslam akaachwa nyuma akishika kilemba.

Walipofika, watu walikuwa wameshajaa njia nzima. Wanawake kwenye mabaraza, wanaume kwa kinyozi, Taha mlangoni kwake na kikombe cha kahawa akijidai haangalii. Juu, nyuma ya dirisha jipya la mbao la Yeslam, Bi Afaf alikuwa akitazama na binti yake. Mejumaa alikuja pamoja na mumewe, akasimama nyuma, na waliokuwa karibu naye wakavuta vikapu vyao.

Mlango ulianza kusimamishwa kwa kamba. Watatu waliingia ndani ya tundu wakavuta kwa ndani. Watatu, Kenga akiwa mmoja wao, walisimama upande wa Taha wakavuta kwa nje, usije ukaangukia ukuta kwa kasi. Yeslam aliona mlango umesita katikati, akapiga kelele:

"Vuteni nyote! Kwa nguvu zenu zote!"

Wakavuta nyote. Mlango ukasimama pale pale, kamba zikalia kama zeze.

"Wavivu! Watu sita hamwezi kusogeza mbao?"

"Bwana," akasema Kenga kwa meno yaliyofungwa, "watatu huku na watatu kule, nguvu sawa, ni kama hapana mtu. Waweza kuleta mia huku na mia kule, utapata kilio cha kamba tu. Tuachie."

Akaashiria, wa nje wakalegeza kidogo kidogo, wa ndani wakavuta, na mlango ukainuka ukasimama wima mbele ya tundu lake, umeshikwa pande mbili, hauendi huku wala kule.

Na hapo ndipo kila mtu alipoona. Kichwa cha mlango kilikuwa juu ya tundu kwa shibiri moja na nusu. Ubavuni ulizidi kwa karibu shibiri nzima. Ulikuwa kama mtu mzima aliyekwenda kuvaa kofia ya mtoto.

Kisha Taha akanywa funda la kahawa, akasema kwa upole wote: "Jirani, ukikikata hicho kipande cha juu, niuzie. Nitafanya mbuzi ya kukunia nazi."

Njia nzima ikacheka. Yeslam akawa mwekundu mpaka masikioni.

"Mwizi!" akamnyooshea kidole Chirau. "Mke mwizi wa nguo, mume mwizi wa mbao!"

Mvita umeona wezi wa kila sampuli, wa kuku, wa viatu msikitini, wa nazi zikiwa bado mtini. Lakini mwizi anayekuibia kwa kukuongezea mbao, huyo alikuwa wa kwanza kutajwa. Hata Yeslam aliyasikia maneno yake yalivyotoka, akayatafutia nguo ya kuyavisha.

"Ndiyo! Kafanya kubwa kwa sababu mbao ni ya bure! Hii si mbambakofi. Huu ni mwembe uliopakwa mafuta!"

Hapo Chirau, mtu mpole aliyezoea kusemwa, akakasirika. Waweza kumtukana fundi mama yake akavumilia. Mbao yake usiiguse. Akatoa katika mfuko wake wa zana kipande kilichobaki alipokata kizingiti, mraba, unene wake vidole vitano. Akamwomba Jefwa akate kingine cha unene huo huo katika gogo la mwembe ambalo waashi walikuwa wakilikalia. Palikuwa na pipa la maji ya kuchanganyia chokaa. Akavitia vyote viwili.

Vyote vikaelea, lakini si sawa. Kipande cha mwembe kilikaa vidole vitatu ndani ya maji na viwili nje. Cha Chirau kilizama vidole vinne, kimoja tu kikabaki juu, kama mtu anayeoga kwa haya.

"Hicho chako kikubwa," akasema Yeslam haraka. "Ndiyo maana kimezama zaidi!"

Chirau hakubishana. Akakitoa, akakipasua katikati kwa msumeno bila kugusa unene wake, akarudisha nusu majini. Vidole vinne ndani, kimoja nje. Akakata nusu ya nusu. Vinne ndani, kimoja nje.

"Udogo hauupunguzii mti uzito wa asili yake, Bwana," akasema. "Mbambakofi ni mbambakofi hata ukiwa kijiti cha meno."

"Maji yenyewe ya chokaa!"

"Maji ni yale yale kwa vyote viwili," Kenga akapaza sauti toka kwenye kamba. "Na sisi huku twakatika mikono. Bishaneni upesi!"

Jefwa mwashi alikuwa na njaa na alitaka jambo liishe. "Bwana Yeslam, mlango mzuri, ya nini kuukata? Niambie nivunje ukuta. Nivunje mpaka dhiraa ngapi?"

"Sita, bila shaka! Mlango ni wa sita."

"Ni sita tayari, Bwana. Ulipima mwenyewe."

Yeslam akasukuma kilemba nyuma.

"Basi... vunja mpaka saba kasoro."

"Kwa hivyo mlango ni saba kasoro?"

"Nani kasema saba?"

"Wewe, Bwana. Sasa hivi."

"Mlango ni sita!"

"Basi waingia. Tundu nalo ni sita."

"Hauingii, huoni?"

"Naona. Ndiyo nauliza. Nivunje mpaka ngapi?"

Mtu aliyeuhesabia mji mzima kwa miaka ishirini akasimama pale akitafuta nambari moja asiipate. Alitazama mlango, akatazama ukuta, midomo ikicheza, baraka, mbili, tatu. Mwisho akapiga mguu chini.

"Vunja mpaka uingie!"

Watu wakaangua kicheko, na Jefwa akainua nyundo. Hapo sauti ya mwanamke ikasema, "Ngoja. Usiuguse huo ukuta."

Alikuwa Mejumaa. Alipita katikati ya vikapu vilivyokuwa vikimkimbia, akasimama mbele ya mlango wa mumewe, mbali na Yeslam kwa adabu.

"Bwana Yeslam, sabalkheri."

"Huu si wakati wa salamu!"

"Salamu haina wakati. Bwana, tundu hili ni dhiraa ngapi?"

"Sita."

"Nani kalipima?"

"Mimi! Kwa mkono huu!" Akauinua, mfupi na mnene, kila mtu akauona. "Mkono uliouvisha mji huu!"

"Hapana aliyelipunguza baada yako? Mimi, kwa mfano? Sikuja usiku nikachomoa kipande nikakificha chini ya kitanda?"

Watu wakacheka, na Yeslam, kwa kuwa kicheko hicho hakikuwa cha kumcheka yeye, akajiunga nacho. "Ukuta? Ukuta hauibiwi, mwanamke."

"Apia."

"Wallahi! Ni kama nilivyoupima!"

"Ahsante," akasema Mejumaa. "Bwana Taha, naomba fimbo yako."

Taha hakuwahi kupata furaha kama ile tangu azaliwe. Aliweka kikombe chini, akaingia ndani, akatoka na fimbo ya chuma ameishika kama bakora ya khatibu. Dhiraa mbili kamili. Mejumaa hakuishika, alijua mambo. Akataka Jefwa aishike.

Kwanza mlango. Fimbo moja, mbili, tatu, na ncha ya tatu ikagusa ukingo wa juu barabara. Dhiraa sita.

"Chuma cha forodhani hicho!" Yeslam akafoka. "Mimi sipimwi kwa chuma cha Mzungu!"

"Basi kwa mikono," akasema Mejumaa. Kinyozi akaja akapima kwa mkono wake: sita. Muuza kahawa: sita na kidole. Ami yule wa Kuze, ambaye hakuna aliyemwita, akaja akapima naye, akapata tano na nusu, akaondoka akijiona mtu.

Kisha tundu. Fimbo moja. Fimbo mbili. Ya tatu ikagonga jiwe la juu ikiwa haijafika popote. Jefwa akainama, akahesabu kwa shibiri, mbili kwa kila dhiraa, akainua kichwa.

"Tano na robo."

Kinyozi alimtazama Yeslam mkono. Muuza kahawa akamtazama mkono. Mwanamke mmoja barazani alitazama pindo la buibui lake, kisha vifundo vya miguu yake, kisha mkono. Yule bibi wa miaka sabini aliyerefuka akasema peke yake, "Ala." Na Yeslam, pole pole, akaurudisha mkono ndani ya joho, kama kobe.

"Kitambaa waweza kusema nimekikata," akasema Mejumaa. "Ukuta nimeukata mimi? Umeapa mwenyewe. Sita zako ni tano na robo. Basi uniambie, Bwana Yeslam, mbele ya watu hawa walionifichia vikapu: nane zako ni ngapi?"

Yeslam alitazama chini. Alitazama juu. Alisema hesabu za namna hiyo zataka karatasi.

"Saba!"

Sauti ilitoka dirishani. Bi Afaf alikuwa binti wa mfanyabiashara kabla ya kuwa mke wake, na hesabu hakuisahau. "Ni saba, Yeslam! Nane zako ni saba! Na mwanao umempimia hizo hizo!"

Kicheko kilichofuata kilianza upande wa Taha, na wenzake Kenga wawili wa upande huo wakacheka nacho mpaka mikono ikalegea. Wa ndani ya tundu hawakusikia vizuri, wakaendelea kuvuta. Mlango ukaanza kuinama kuelekea ukutani, yaani kumwelekea Yeslam aliyekuwa amejibanza hapo kuyakimbia macho ya watu.

"Vuteni, nyinyi wa nje!" Kenga akapiga kelele. "Mukicheka, chekeni pande zote mbili sawasawa! Ama mutamuua mtu kwa kicheko cha upande mmoja!"

Kamba zikakazwa, mlango ukakoma hapo hapo. Yeslam alibaki katikati ya mlango na ukuta, kilemba kimeteremka jicho moja, hawezi kwenda mbele wala nyuma.

"Nitoeni hapa!"

"Yeslam," Bi Afaf akasema toka juu, na hakuhitaji kupaza sauti maana mji wote ulikuwa ukimsikiliza. "Hina ni kesho. Mimi nimemwita mwanamke huyu mwizi kwa ajili ya mkono wako. Sema alivyo. Kisha utatoka."

"Nitasema baadaye, ndani—"

"Kenga," akasema Bi Afaf, "msiuondoe huo mlango."

"Sisi tumechoka, Bibi," Kenga akajibu kwa heshima kubwa, "lakini kwa hili tutajikaza."

Yeslam akahema. Akakazia macho gogo la mwembe, akasema kwa haraka ile ile ya dukani: "Mejumaa haku..." Na mengine akayameza.

"Haku nini?" akauliza Taha.

"Nimeshasema."

"Hujatimiza!" wakapiga kelele wanawake barazani. "Hata maneno wayapunja?"

"Kipande kimoja kasoro," akasema Mejumaa. Hakucheka. Alikuwa amesimama wima kama mlango wenyewe, na machozi yamemjaa asiyaruhusu kushuka. "Nimechoka kupokea kasoro, Bwana Yeslam. Nipe kamili."

"Mejumaa hakuiba," akasema Yeslam.

"Tena mara moja," akasema bibi yule wa miaka sabini. "Ya mara ya kwanza nilikuwa nikitazama miguu yangu."

"Mejumaa hakuiba!"

Kenga akatoa ishara, wachukuzi wa ndani wakalegeza kwa kipimo, na Yeslam akatokea ubavuni kama kipande cha ngisi kinachotolewa kwenye jiwe. Jefwa akaubomoa ukuta alasiri nzima kwa fimbo ya Taha, na Taha alikaa karibu muda wote huo kuhakikisha chombo chake hakiharibiki.

Jioni hiyo hiyo Bi Afaf aliingia dukani kwa mumewe na fimbo ya Taha, akajipimia mwenyewe dhiraa moja ya hariri, akaikata, akaipeleka Bondeni kwa mkono wake. Safari hii alikaa. Mejumaa aliiunga nguo usiku kucha, na kesho yake Badria alipotokea mbele ya wake wote wa Mvita, pindo lilikuwa likigusa sakafu. Bi Afaf akasimama kati yao, akamtaja Mejumaa kwa jina, kama alivyoahidi.

Wiki ya pili yake Yeslam alitundika fimbo ya chuma dukani, mpya, akiwaambia watu kwamba ni yeye aliyewaza kuileta. Mejumaa alikuwa mteja wa kwanza kuingia. Aliiomba, akaitoa nje, akaisimamisha kando ya ile ya Taha. Zilikuwa sawa. Akarudi nayo ndani.

"Nipimie dhiraa nane za bafta," akasema.

Yeslam akavuta jora, akaanza kukunja kanzu.

"Acha kanzu, Bwana Yeslam," akasema Mejumaa. "Fimbo hiyo hapo."